Maumivu ya nyonga, kibofu na choo: kipi uchague ukiwa Mtwara au Lindi

Mwenye maumivu ya mishipa ya fahamu ya nyonga ana mambo matatu, ingawa hospitali humuuliza moja moja. Kuna maumivu yenyewe: msamba (eneo kati ya sehemu za siri na njia ya haja kubwa) unawaka moto, makalio yanachoma ukikaa, mara kama shoti ya umeme imepita kinenani. Kuna kibofu: ama kinakukimbiza chooni kila dakika, ama kinagoma kutoa mkojo wote. Na kuna haja kubwa: choo kinafunga siku kadhaa, halafu siku moja kinatoka bila kukuaga. Daktari wa mifupa anashika la kwanza, wa njia ya mkojo anashika la pili. La tatu mara nyingi halishikwi na mtu, maana mgonjwa mwenyewe kaona aibu kulitaja.

Neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazohusika hutoka chini ya uti wa mgongo, sehemu iitwayo sakrali, za pili, tatu na nne. Humo ndimo inamoanzia neva ya pudenda, inayopeleka hisia kwenye msamba, sehemu za siri na njia ya haja kubwa, na inayoendesha misuli ya kubana mkojo na kinyesi. Neva za kibofu na za mwisho wa utumbo mpana zinatoka humo humo. Ndiyo maana dawa inayotuliza jambo moja huweza kuharibu jingine. Kwa hiyo katika ulinganisho huu kila kitu nakipima kwa maswali matatu: maumivu yatasemaje, kibofu kitasemaje, choo kitasemaje? Kinachofaulu swali moja na kufeli mawili, mimi sikichukui, hata kama aliyekiandika ni bingwa.

Yasiyosubiri kuchaguliwa

Ukipata ganzi mpya kati ya mapaja, mkojo ukakataa kutoka, haja kubwa ikaanza kutoka bila kujijua, au miguu yote miwili ikalegea, usiendelee kusoma. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Neva za mwisho wa uti wa mgongo zikibanwa, saa ndizo zinazoamua kama zitarudi.

Kuna pia magonjwa yanayofanana na haya lakini yana tiba yake. Huku kwetu la kwanza ni kichocho cha mkojo. Ukanda wa Lindi na Mtwara umeishi nacho muda mrefu, na si lazima uone damu kwenye mkojo: kwa wanawake mayai ya kichocho hukaa kwenye viungo vya uzazi na kuleta maumivu ya nyonga ya miaka. Dawa yake, prazikwanteli, ni ya vidonge tu. La pili ni fistula. Mama aliyepata uchungu wa muda mrefu, kisha mkojo ukawa unachuruzika mchana na usiku, tatizo lake ni tundu linalohitaji kushonwa, si neva. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, wamekuwa wakiwatibu wanawake hao bure. Kisukari, TB ya mgongo, na tezi dume kwa wanaume navyo vipimwe kabla ya mtu kuambiwa “ni neva.”

Dozi nyingine ya UTI, au kuotesha mkojo?

Hili nalisema kwa uchungu. Ukienda duka la dawa na malalamiko ya mkojo, jibu ni UTI. Ukirudi, ni UTI sugu. Ukirudi tena, unapigwa sindano. Neva iliyowaka inaleta hisia ile ile ya mkojo kuchoma na kwenda chooni kila mara, bila kidudu hata kimoja.

Kati ya kumeza antibayotiki tena na kuomba mkojo uoteshwe maabara, chagua kuotesha. Majibu huchukua siku mbili tatu, na yatakuambia kidudu ni kipi na dawa gani inakiua. Yakija hakuna kilichoota, na yakaja hivyo tena, acha kutibu UTI. Antibayotiki za kila mwezi zinavuruga tumbo, na tumbo lenyewe tayari ni mgonjwa wa pili nyumbani.

Kuna orodha ya madaktari inayoitwa vigezo vya Nantes, iliyochapishwa mwaka 2008 na kupewa jina la mji huo wa Ufaransa. Inasaidia kutambua kama neva ya pudenda ndiyo yenye shida: maumivu yapo eneo la neva hiyo, yanazidi ukikaa, hayakuamshi usingizini, daktari akipima hakuti ganzi ya wazi, na sindano ya kuganzisha neva hiyo inayaondoa kwa muda. Ukiwa unapata nafuu ukikaa kwenye sinki la choo kuliko kwenye kiti cha kawaida, mwambie daktari. Kwake hiyo ni habari ya maana.

Vidonge vya usiku: amitriptilini, gabapentini, kabamazepini

Diklofenaki niiondoe mapema. Ni dawa ya uvimbe na viungo. Kwa neva inafanya kazi ndogo, na ukiimeza miezi inakula tumbo na figo. Tramado inatuliza, lakini inafunga choo vibaya na mwili unaizoea. Kwa mtu wetu imefeli swali la tatu kabla hatujafika mbali.

Amitriptilini ni ya zamani, ya bei nafuu, na inapatikana hata nje ya miji mikubwa. Ilitengenezwa kwa ajili ya sonona, kwa hiyo ukisoma karatasi yake usidhani daktari amekuona mwendawazimu. Kwa neva hutumika dozi ndogo, mara nyingi kuanzia miligramu 10 usiku. Vidonge vingi ni vya 25, ndiyo maana unaambiwa uvunje. Inaleta usingizi, na mtu ambaye hajalala vizuri kwa mwaka mzima hilo atalishukuru. Ila haifanyi kazi kesho yake. Ipe wiki kadhaa.

Sasa uliza maswali mengine mawili. Amitriptilini inalegeza msuli wa kibofu na kupunguza mwendo wa utumbo. Kama kibofu chako ni kile kinachokukimbiza chooni, dawa hii inaua ndege wawili kwa jiwe moja. Kama ni kile kinachogoma, inaweza kukufungia mkojo kabisa. Na choo kitakuwa kigumu kwa karibu kila mtu, kwa hiyo usianze bila kuwa na dawa ya kulainisha mkononi. Mwenye ugonjwa wa moyo aseme mapema. Iweke mbali na watoto, maana vidonge vichache kwa mtoto ni hatari kubwa.

Gabapentini haifungi mkojo wala choo kwa kiwango hicho. Kwa mwenye kibofu kinachogoma, mimi ningeanza na hii. Inaleta kizunguzungu na miguu kuvimba, na mwili huitoa kupitia figo. Hapo ndipo pa kuangalia: mkojo uliokaa kibofuni muda mrefu unaweza kuwa umeshaumiza figo, na kichocho cha zamani vilevile. Omba kipimo cha damu cha figo kabla ya dozi kupanda. Usitarajie miujiza pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofanyika Uingereza kwa wanawake 306 wenye maumivu sugu ya nyonga yasiyo na chanzo kinachoonekana, ulikuta gabapentini haikuzidi kidonge kisicho na dawa. Hao hawakuchaguliwa kwa kuwa na neva iliyoumia, kwa hiyo wewe jipe majaribio ya haki. Lakini kama baada ya miezi miwili mitatu ya dozi ya kutosha hakuna kilichobadilika, usiendelee kuinunua kwa mazoea.

Kabamazepini utapewa kwa sababu moja: ipo. Ni dawa ya kifafa, na ndiyo chaguo la kwanza kwa maumivu ya neva ya uso. Kwa msamba ushahidi wake ni mdogo. Inapunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti, na inashusha kiwango cha dolutegraviri mwilini kwa anayetumia ARV. Ukitokwa na vipele, acha na urudi hospitali haraka. Kwangu inakuja ya tatu, kwa mbali.

Ukiacha dharura kama hiyo ya vipele, dawa zote tatu hazikatwi ghafla. Hata zikigoma kukusaidia, zinapunguzwa kidogo kidogo.

Zile “sindano za neva” na vidonge vya vitamini B vinavyouzwa kila kona zinamfaa mwenye upungufu. Vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe inaharibu neva. Sijui muuzaji gani atakuambia hilo.

Kibofu: pedi, mpira wa kudumu, au kujitoa mwenyewe?

Hapa ndipo watu wengi wanachaguliwa badala ya kuchagua. Kabla ya lolote, jua una kibofu cha aina gani. Njia rahisi: pigwa altrasaundi kibofu kikiwa kimejaa, nenda ukojoe, pigwa tena. Mkojo uliobaki ndio utakaoamua. Pamoja na hilo, andika kwa siku tatu saa unazokojoa, kiasi (kopo la plastiki lenye vipimo linatosha), ulichokunywa, na mara ngapi ulivuja. Daftari hilo litamwambia daktari mengi kuliko dakika zako tano ofisini kwake.

Kwa kibofu kinachowahi na kisichobakiza mkojo, anza na saa. Nenda chooni kila baada ya saa mbili, umebanwa au hujabanwa, kisha sogeza muda pole pole. Haigharimu kitu. Punguza chai ya rangi kali, kahawa, soda na vinywaji vya kuongeza nguvu. Msimu wa mabibo, uraka (pombe yake) pia uupe likizo. Usipunguze maji. Kwa joto la Mtwara ukipunguza maji mkojo unakuwa mkali, kibofu kinakasirika zaidi, na choo kinakuwa jiwe. Hapo umefeli yote matatu kwa mkupuo.

Pedi na pampasi za wakubwa si tiba, ila zinakurudisha msibani, harusini na kazini. Ulinganisho wake na vitambaa vya kanga kuukuu ni wa maji na pesa. Kanga iliyokunjwa, ikafuliwa na kuanikwa juani, ni laini kuliko pampasi na haichomi ngozi. Inahitaji ndoo za maji. Kwa aliye Newala au Tandahimba juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji yamekuwa shida tangu enzi za mababu, hesabu inaweza kugeuka. Wengi wanaishia kuchanganya: kanga nyumbani, pampasi safarini. Kwa vyovyote, osha na kukausha ngozi, kisha paka mafuta ya mgando kuzuia mkojo usiichubue.

Kibofu kinachogoma ni habari nyingine, na hapo pedi hazisaidii kitu. Chaguo kubwa ni mpira wa mkojo wa kudumu, au kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba unaoingizwa na kutolewa.

Mpira wa kudumu unawekwa na muuguzi, unaunganishwa na mfuko, unasahau. Uzuri wake ni huo tu. Ule wa lateksi hubadilishwa kila baada ya wiki chache, wa silikoni huweza kukaa hadi wiki 12 hivi. Baada ya muda vijidudu vitakuwepo kwenye mkojo wako, hilo halikwepeki, na ukipimwa utaambiwa una UTI. Bila homa, baridi, maumivu mapya au mkojo kuwa na damu, vijidudu hivyo havitibiwi. Shida kubwa zaidi kwetu sisi ni kwamba mpira unapita kwenye njia ambayo neva yake tayari inawaka. Kuna watu wanashindwa kutembea kwa sababu ya mpira, si kwa sababu ya ugonjwa. Na ukifunga choo, kinyesi kinaubana mpira, mkojo unavuja pembeni, unadhani umeharibika. Dawa ya mpira huo inakuwa ni kupata choo.

Kujitoa mwenyewe kulianza kukubalika baada ya daktari wa Marekani, Jack Lapides, kuonyesha mwaka 1972 kwamba mikono safi inatosha, si lazima vifaa vyote viwe vimechemshwa kama vya chumba cha upasuaji. Unanawa, unapaka jeli, unaingiza, mkojo unatoka, unatoa. Mara nne hadi sita kwa siku, ukilenga kibofu kisivuke mililita 400 au 500. Maambukizi ni machache kuliko ya mpira wa kudumu, figo zinalindwa, huna mfuko wa kuficha chini ya kanga, na ndoa inabaki na nafasi yake. Hilo la mwisho hakuna anayekuambia mbele ya foleni, kwa hiyo nimelisema mimi.

Ubaya wake upo. Mwanamke anahitaji kioo na mafunzo ya subira siku za mwanzo. Mwenye mikono inayotetemeka hawezi peke yake. Anayeumia sana akiguswa atahitaji jeli ya ganzi, angalau mwanzoni. Mpira mpya kila mara ni gharama, na wataalamu huwafundisha wasioweza kununua namna ya kuosha ule ule kwa sabuni na maji safi, kuuanika ukauke, na kuuhifadhi pakavu. Muulize muuguzi wako ni mpira gani unaooshwa na kwa siku ngapi. Kisha kuna choo chenyewe. Choo cha shimo cha pamoja, chenye mlango wa gunia, si mahali pa kazi hii. Fanyia chumbani, umekaa ukingo wa kitanda, mkojo ukiingia kwenye kopo. Mimi ningejitoa mwenyewe kabla ya kukubali mpira wa kudumu, isipokuwa kama mikono au macho yamekataa.

Kama wa kudumu hauepukiki, uliza kuhusu kuupitishia tumboni, juu ya mfupa wa kinena. Ni upasuaji mdogo. Unaiacha njia ya mkojo na msamba vipumue, na kwa mtu anayeumia huko chini tofauti ni kubwa.

Kuhusu ibada: kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani hii, mwenye kuvujwa na mkojo bila kuweza kuuzuia hujisafisha, hujifunga, hutawadha wakati wa sala ukishaingia, kisha husali bila kuchelewa. Udhuru huo unajulikana. Nimeona kina mama wanaacha msikiti na madrasa kwa miaka wakati sheikh wa mtaa angewajibu kwa sentensi moja. Ramadhani nayo iulizwe mapema, kwa sheikh na kwa daktari, hasa kama una mpira au figo zimeguswa.

Haja kubwa: chakula, kidonge au bomba?

Kisamvu, mbaazi, kunde, mlenda, papai na maji ya kutosha, hapo ndipo pa kuanzia, na Kusini hatuna uhaba wa mbaazi. Lakini kama neva za utumbo zimechoka, kuongeza nyuzinyuzi bila maji ni kurundika mzigo kwenye barabara iliyofungwa. Ukiona tumbo linajaa gesi na choo bado hakitoki, punguza mbaazi, ongeza maji, na nenda kwenye dawa.

Dawa ziko za aina mbili, na wauzaji huzichanganya. Za kulainisha, kama laktulosi, zinavuta maji kwenye kinyesi. Zinachukua siku moja hadi tatu na zinaweza kutumika muda mrefu. Za kusukuma, kama bisakodili na sena, zinaamsha utumbo. Kidonge cha bisakodili ukikimeza usiku kinafanya kazi asubuhi, ile ya kuweka njia ya haja kubwa inafanya kazi ndani ya saa moja. Kinyesi kigumu kikisukumwa kikiwa bado jiwe, utalia. Lainisha kwanza. Enema (bomba) iwe ya kuokoa siku mbaya, isiwe ya kila wiki bila daktari kujua.

Jambo moja linawadanganya wengi: choo cha majimaji kinachovuja baada ya siku nyingi za kufunga huwa si kuhara. Ni maji yanayopita pembeni ya kinyesi kilichoziba. Ukinywa dawa ya kuzuia kuhara umefunga mlango kwa nje. Pimwa kwanza kama umeziba.

Utumbo huamka baada ya kula. Nenda chooni dakika 20 au 30 baada ya kifungua kinywa, kila siku, hata kama huhisi kitu, na usisukume kwa nguvu. Kusukuma kunaivuta neva hiyo hiyo unayoilalamikia. Choo cha kuchuchumaa kinanyoosha njia na kinyesi hutoka kwa urahisi, kwa hiyo usione ni choo cha kizamani. Kama magoti au miguu haikubali, fundi seremala atakutengenezea kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, na kigoda kidogo cha kuinulia miguu. Mwonyeshe kipimo cha mwili wako, asikutengenezee cha harusi.

Kukaa na kufanya kazi

Kubangua korosho ni kazi ya kukaa saa nyingi, na ni kazi mbaya kwa neva ya pudenda. Kuokota shambani kunachosha mgongo, ila kunakuacha umesimama na unatembea. Kama una nafasi ya kuchagua msimu wa korosho, omba kuokota mafungu madogo, au kuchambua madaraja mezani ukiwa umesimama. Kubeba gunia kichwani hapana, wala kuliinua na mwenzio.

Kwa kukaa kusikoepukika, chukua kipande cha godoro kigumu kiasi, kikatwe umbo la herufi U, uwazi ukae nyuma na katikati, uzito ubebwe na mifupa ya makalio na mapaja. Kinafaa kuliko lile duara la kupuliza, ambalo bado linavuta msamba kuelekea katikati. Mkekani, lala ubavu. Wageni watakuzoea.

Bodaboda, hasa njia ya vumbi yenye mawimbi, iache kabisa ukiweza. Bajaji ina kiti unachoweza kuegemea upande mmoja.

Kukaza au kulegeza?

Baada ya uzazi kila mwanamke anaambiwa akaze misuli ya chini. Kwa anayevuja mkojo akikohoa, ni ushauri mzuri. Kwa mwenye maumivu, misuli hiyo mara nyingi tayari imekaza mno, na kuzidi kuikaza kunaongeza moto. Anza na kulegeza: lala chali, magoti yamekunjwa, vuta pumzi hadi tumbo la chini lijae na msamba ushuke, toa taratibu. Beseni la maji ya uvuguvugu la dakika 15 linasaidia kabla ya kulala. Mtaalamu wa fiziotherapia akikupa mazoezi, muulize waziwazi ni ya kukaza au ya kulegeza, na kwa nini.

Miti shamba ya kunywa sitaipinga yote. Zile za kuingiza ukeni ili kubana au kukausha nazipinga zote.

Hapa hapa, au Dar es Salaam?

Vipimo vya mkojo, altrasaundi, figo, dawa za kuanzia na mafunzo ya mpira, anza navyo huku: Ligula au Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi mjini, Nyangao au Ndanda kwa walio bara. Kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawalijui. Sindano ya kuganzisha neva ya pudenda ni mbinu ya zamani ya wakunga na madaktari wa uzazi, iliyokuwa ikitumika wakati wa kujifungua. Muulize daktari wa wanawake hospitali ya rufaa kama anaweza kuifanya. Ikikuondolea maumivu hata kwa saa chache, umepata ushahidi wa kwenda nao mbele.

Dar es Salaam ni kwa yale yasiyopatikana: MOI (taasisi ya mifupa iliyopo Muhimbili) na Muhimbili yenyewe kwa mgongo na neva, madaktari bingwa wa njia ya mkojo, CCBRT kwa fistula. Kusafiri kabla hujapima ya msingi ni kulipa nauli ili uambiwe ukapime mkojo. Hakikisha una barua ya rufaa, na umeuliza bima yako inakubali hadi ngazi gani.

Njia ni zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara. Ndege ni fupi, na kama ndugu wanaweza kuchanga mara moja, wachange kwa safari ya kwenda ukiwa hoi, kurudi utajikaza. Kwa basi, kata siti ya katikati, si juu ya tairi la nyuma, upande wa ujia ili uweze kusimama. Weka mto wako wa U, mpira mmoja msafi na pampasi kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti. Mwambie konda kabla gari halijaondoka: “Mwanangu, mimi mgonjwa wa kibofu, Nangurukuru na Ikwiriri nisaidie nichimbe dawa.” Atakuitikia “sawa mama,” na ukimkumbusha kabla ya kila kituo atasimamisha. Usijinyime maji njia nzima. Kunywa kidogo kidogo. Beba dawa za wiki mbili zaidi ya unazohitaji, hasa wakati wa masika: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii, na watu wakakwama pande zote mbili.

Kabla hujatoka kwa bingwa, omba barua ya kurudi nayo. Iandikwe majina halisi ya dawa, si ya kampuni, ili mfamasia wa huku apate inayofanana. Dozi itapandishwaje na mpaka wapi. Na kipimo gani kirudiwe lini. Itolee nakala, moja ibaki kwenye faili lako la huku nyumbani.